Upepo wa Mtamba

Upepo wa kweli haujali umegeukia wapi. Ukiukabili utakupiga usoni, ukiupa kisogo utakusukuma mgongoni, lakini wenyewe uko vilevile, unatoka kulekule unakotoka. Sechelela alilijua hilo tangu utotoni, kabla hajajua hata kusoma saa, na ndiyo maana asubuhi ile, akiwa peke yake juu ya nyika ya Chihembe, aliitazama skrini ya ndege kama mtu anavyomtazama ndugu yake anayesema uongo mbele ya wageni.

Ndege ilikuwa ndogo, ya kiti kimoja, jina lake Mtamba. Alikuwa ameielekeza kaskazini, na ule mshale mdogo wa upepo pembeni mwa skrini ulionyesha upepo mkali wa mashariki. Akageuza pua kuelekea mashariki, akanyoosha, akasubiri. Mshale ukanywea, ukawa wa upepo mwepesi tu, wa kupeperusha makapi. Akageuza kusini. Upepo mkali ukarudi, wa mashariki kama mwanzo. Akageuza magharibi, nao ukalala tena.

Akaurudia mzunguko ule polepole, kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Ikawa vilevile. Upepo gani huu, akajiuliza, unaovuma ukitazama kaskazini na kusini, ukigeukia upande mwingine unalala usingizi?

Akachungulia chini. Kulikuwa na kiwingu kimoja cha asubuhi kilichojitenga, na kivuli chake kilikuwa kinatambaa juu ya vichaka kwenda magharibi, taratibu, kama kobe asiye na haraka. Kivuli kilisema upepo ni mpole. Skrini ilisema upepo ni mkali. Na mvua ya bonde zima ilikuwa inagawiwa kwa neno la skrini.

Redio ikakoroma.

"Fundi Sechelela," ikasema sauti ya kike, tulivu, isiyojua kuchoka. "Upepo wa Mtamba ni wa kweli?"

Hiyo ilikuwa Mizani. Haikuwa mtu. Ilikuwa mashine iliyowekwa mjini baada ya miaka ile ya njaa, watu walipochoka kuuana kwa ajili ya mawingu, ikapewa kazi ya kugawa mvua kwa haki. Kila kijiji kilikuwa na zamu yake. Ndege zilipanda kuchunga mawingu, na watu walisema hivyo hasa, kuchunga, maana walioianza kazi hiyo walikuwa wafugaji ambao ng'ombe wao walikwisha. Mchungaji alilikata kundi la mawingu, akatembea nalo ubavuni akienda kaskazini na kurudi kusini, na Mizani ikapiga hesabu ikamwambia wapi amwage chumvi ili wingu likamuliwe. Sasa mvua haianguki pale ulipomwaga chumvi. Inasafiri na upepo kwanza. Upepo ukiwa mkali unamwaga mapema, ukiwa mpole unachelewa. Ukikosea upepo, mvua ya huyu inamnyeshea yule.

Na Mbalawala, kijiji kilichokuwa magharibi kabisa ya bonde, walikuwa hawajapata mvua ya maana huu msimu wa pili.

"Bado natazama," Sechelela akajibu.

"Nasubiri neno lako," ikasema Mizani.

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ile haikuamini ofisi wala mkubwa yeyote, iliamini neno la fundi wa kituo. Fundi akisema upepo ni wa kweli, basi ni wa kweli, na hakuna anayekuja nyuma yake kuchungulia. Zamani Chihembe ilikuwa na mafundi kadhaa na ndege zilizojaa banda, mshale wa hii ukidanganya, wa ile ukausuta. Zile ndege zilizeeka moja baada ya nyingine, mafundi wakahamia vituo vya ziwani. Alibaki Sechelela na Mtamba.

*

Alipotua, aliisukuma ndege mwenyewe mpaka kivulini mwa banda, akavua viatu, akakaa kwenye ndoo aliyoipindua. Alipenda kufikiri akiwa amekaa chini. Banda lilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Ukikohoa, linakukoholea tena.

Ndege haina kitu cha kunusia upepo. Watu wengi hawalijui hilo, wanadhani kuna kijifeni mahali fulani. Inaukisia tu, kama wewe unavyoukisia mkondo ukivuka mto: umeukazia macho mti wa ng'ambo, umeutembelea moja kwa moja, lakini unapopanda ukingo unajikuta umetokea chini yake. Hukuupima mkondo, ila umeshaujua. Mtamba nayo ilikuwa na mambo matatu ya kuuliza. Kulikuwa na kijibomba chini ya bawa, kilichosikia inakata hewa kwa kasi gani. Kulikuwa na dira ndani ya ncha ya bawa la kulia, iliyojua pua imetazama wapi. Na kulikuwa na satelaiti, zilizoona inakwenda wapi hasa juu ya ardhi. Skrini ilichukua hayo matatu, ikatoa moja kwa jingine, na kile kilichobaki ikakiita upepo. Moja la matatu hayo likidanganya, upepo mzima ni uongo.

Alianza na kijibomba, maana huko ndiko nyigu hupenda kujenga. Akakipuliza, akachungulia kwa tochi. Kilikuwa kisafi. Na hata kingeziba, akawaza, uongo wake ungekuja mbele au nyuma ya ndege, na ungeifuata popote inapogeukia. Huu ulikuja ubavuni, tena kaskazini na kusini tu. Satelaiti hazikuwa na ugomvi na Mtamba. Ikabaki dira.

Akachukua bisibisi, akaenda kwenye ncha ya bawa.

Redio iliyokuwa juu ya meza ya kazi ikakoroma tena, safari hii ikiwa na sauti ya mwanamume. Alikuwa Chidawali, mwangalizi wa mvua wa Mbalawala, mtu aliyezungumza naye karibu kila siku kwa miaka na hajawahi kuuona uso wake. Kazi yake ilikuwa kuuliza kama kuna mawingu ya upande wao. Zamani hakuuliza bila utani. Angesema kama hana mawingu ampe hata umande, au kwamba wazee wa Mbalawala wameamua kumposa ili mvua isipotee njiani. Sechelela naye angemjibu kwamba mahari yake ni mto mzima, na watautoa wapi. Akikata redio alikuwa akijikuta bado anacheka, halafu banda likimrudishia kile kicheko ananyamaza.

Siku hizi Chidawali hakutania.

"Habari za huko, dada," akasema.

"Nzuri, kaka. Za kwenu?"

Akamwambia tu kwamba visima vya mchangani wamevichimba mpaka mtu anazama kichwa, na maji yanayopatikana wanawapa kwanza wanaonyonyesha. Familia za upande wa juu zimeanza kufunga mizigo. Akauliza kama lile kundi linalotazamiwa kesho kutwa ni lao kweli. Sechelela akasema kwa zamu ni lao. Chidawali akasema hata mara zile nyingine mawingu yalikuwa yao.

*

Kifuniko cha ncha ya bawa kilikuwa na skrubu ndogo, na mojawapo ilikuwa imekwaruzwa kichwa na mtu aliyeifungua kwa kisu. Hapo Sechelela alijua kwamba aliyeingia mle hakuwa fundi. Akakitoa kifuniko, akaingiza mkono, akapita dira, vidole vikagusa kitambaa. Kilikuwa kimefungwa vizuri kwa kamba ya katani ili kisicheze. Akakata kamba, akakivuta nje, akakifungua mapajani.

Ilikuwa kengele ya ng'ombe. Si ya shaba, ni ya chuma, ile ya mhunzi wa zamani, nyeusi kwa mafuta ya shingo, na ulimi wake ulikuwa umezongwa kwa tambara ili usilie. Ukingoni mwake palikuwa na pengo, mahali ambapo siku moja iligongwa na jiwe.

Alilijua pengo lile. Alilirusha mwenyewe lile jiwe akiwa msichana, akimlenga fisi, likampata ng'ombe wa mama yake.

Rubani wa Mtamba aliitwa Ndahani, mtu mrefu mwenye aibu, aliyekuwa akilala kijijini Chihembe na kuja kituoni siku za mawingu. Alipoitwa akaja alasiri na kuiona kengele juu ya meza, hakukana. Alikaa chini kwanza, akavua kofia. Alieleza kwamba wakati wa kiangazi kikali, kabla ya msimu uliopita, alitua Malolo, kijiji cha magofu, kuomba maji, na mama mzee aliyebaki pale peke yake akampa, akamuuliza ndege yake imefungwa kengele gani. Alipomjibu kwamba ndege hazifungwi kengele, mama alishangaa kama mtu aliyeambiwa watoto hawapewi majina. Akaingia ndani, akatoka nayo.

"Ningeikataaje, dada?" Ndahani akasema. "Amenipa maji, ameniita mwanangu. Baba yangu mwenyewe asingelitoa kundi bila kengele mbele. Nikasema nitaiweka mahali isiponipigia kelele. Kule kwenye ncha ya bawa palikuwa na nafasi."

"Hukujua kuna dira pale?"

"Nilijua kuna kijisanduku. Sikujua kwamba kinaogopa chuma."

Sechelela hakumgombeza. Angemgombeza nani? Dira huwekwa kule nchani makusudi, mbali na injini na nyaya zote, mahali pasipo na chuma cha kuivuta. Na mtu mwenye heshima zake akatafuta mahali pazuri pa kuificha baraka ya mama wa watu, akapata palepale. Kengele ilikuwa inaivuta dira kidogo tu pua inapotazama kaskazini, na kidogo kwa upande mwingine inapotazama kusini, na kwa bahati mbaya uongo wa kwenda na uongo wa kurudi ulifanana. Ndahani alichunga kaskazini na kusini kila mara. Angeshuku nini?

Upepo ukaonekana mkali kuliko ulivyo. Mizani ikaamuru chumvi imwagwe mapema. Na mvua ya Mbalawala, misimu yote hiyo miwili, ikaangukia njiani.

Hakuhitaji ramani kujua njiani ni wapi.

*

Malolo haikuwamo kwenye hesabu za Mizani. Watu wake walihamishwa miaka ile ya njaa, wakakubali, wakafutwa. Mama yake Sechelela, Bibi Malogo, alikubali pamoja na wenzake, akapanda lori pamoja na wenzake, kisha akashuka njia panda akasema amesahau chungu, akarudi kwa miguu. Hakutoka tena. Aliishi kule peke yake miaka mingi, na kila mara binti yake alipokwenda kumtazama alimkuta anazungumza na milango ya majirani waliohama, akiwasimulia habari za siku hiyo. Sechelela alikuwa akiondoka kule na kifua kizito, akirudi kulala kwenye chumba chake cha kituoni ambacho nacho hakikuwa na wa kumjibu. Mara nyingi alifikiri kwamba upweke ule ndio urithi pekee mama yake aliompa akiwa hai.

Sasa aliendesha pikipiki kwenda huko, kwa mara ya kwanza tangu misimu hiyo miwili ianze, kengele na redio ndogo ya mkononi zikiwa mifukoni mwa koti, na alipolipita genge la mwisho la mawe akalazimika kusimama.

Ilikuwa kijani. Uwele ulikuwa umefika kifuani. Moshi ulitoka kwenye nyumba alizozikumbuka zikiwa magofu. Watu walikuwa wamesikia habari za mvua ya Malolo, wakarudi kidogokidogo bila kumwambia mtu. Mwanamke fulani alikuwa anatwanga, na mwingine akimcheka kwa jinsi anavyotwanga. Tangu utoto wake Sechelela hakuwahi kusikia pale mtu akimcheka mtu.

Mama yake alikuwa uani anaanua mlenda aliouanika. Alikuwa mdogo kuliko mara ya mwisho, lakini mwenye haraka. Wakasalimiana kwa heshima zote za kwao, taratibu, mpaka walipoulizana habari za kila kitu. Alimlisha kwanza. Hakutaka kusikia neno mtu akiwa na njaa. Akamweleza habari za majirani, nani karudi na nani kagombana na nani, kwa furaha ya mtu aliyenyimwa umbea kwa miaka.

Sechelela alipomaliza kula, aliitoa kengele akaiweka juu ya mkeka.

Mama aliitazama. Akalivuta lile tambara, akaufungua ulimi, akaitikisa mara moja. Sauti yake ilikuwa nene, ya kukatika, na yule mwanamke aliyekuwa akitwanga akasita kidogo kabla ya kuendelea.

"Umeitoa," mama akasema.

Sechelela akamweleza, kwa lugha nyepesi, kama alivyojieleza mwenyewe akiwa juu ya ndoo: mto, mti wa ng'ambo, dira inayovutwa na chuma. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akacheka, meno yake machache yakaonekana.

"Kumbe ni kweli iliyaleta," akasema. "Nilijua. Mawingu yale yalikuwa yanapita hapa kila mwaka hayatujui. Nikasema yakisikia kengele ya kwetu yatasimama. Wewe unasema chuma. Sawa, iite chuma."

"Mama, yale mawingu yana wenyewe."

"Nani?"

Akamwambia. Akamwambia habari za Chidawali ambaye hakutania tena, za visima vya mchangani, za mizigo inayofungwa. Akamwambia pia kwamba alikwisha kuiuliza Mizani kuhusu Malolo akiwa njiani, na Mizani ikamjibu kwamba Malolo haina watu. Akaiambia ina watu, anawaona. Ikasema imesikia, na kwamba zamu haziwezi kugawanywa upya mpaka baraza la bonde likae baada ya mavuno. Mpaka hapo uwele wa Malolo utakuwa umekauka ukiwa na maua.

Mama aliizungusha kengele mikononi. Alikuwa na mikono mikubwa kuliko mwili wake.

"Na nikikwambia uirudishe?"

Sechelela akaliokota lile tambara, akalikunja.

"Huyo mtu wa mashine anakuuliza, na wewe unasema ni kweli. Basi. Nani atajua?"

"Hakuna."

"Hakuna," mama akarudia. Akaitazama nyumba ya jirani, moshi wake, kamba ya nguo zilizoanikwa. Sechelela akamuuliza afanyeje.

"Usiniulize mimi, Seche," mama akasema taratibu. "Ukiniuliza nitakwambia iache, maana nimewazungumzia milango hapa mpaka nimechoka, na hawa wakiondoka safari hii hawarudi tena. Watu wa Mbalawala siwajui. Ningewajua ningekujibu vingine. Neno hilo usinitwike mimi nilitamke. Wewe ndiye uliyeulizwa."

Kisha akachukua sufuria akaenda kuiosha, ingawa ilikuwa safi.

*

Asubuhi ya mawingu ilifika na joto. Kundi lilijikusanya mashariki tangu jua halijapanda sana, mawingu meupe juu, chini yamefifia rangi ya majivu, mazito, ya kukamuliwa hasa. Ndahani aliyatazama, akamtazama Sechelela. Alijua kengele haipo mezani, hakujua iko wapi.

Walikuwa wamekwisha kuizungusha Mtamba juu ya duara lililochorwa sakafuni mwa uwanja, wakiisimamisha kila upande wa dunia ili dira ijifunze upya nafasi yake. Sechelela alipanda akairusha mwenyewe, kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Mshale wa upepo ukabaki palepale, mdogo, mpole, umetulia kama mtoto aliyeshiba. Chini yake kivuli cha wingu kilitambaa kwa mwendo uleule uliokuwa kwenye skrini. Zamani kazi ikikubali hivi angeimba. Alitua kimya.

Redio ikakoroma.

"Fundi Sechelela. Upepo wa Mtamba ni wa kweli?"

Alikuwa amesimama kivulini mwa bawa, mkono wake ukiwa juu ya kile kifuniko alichokifunga. Kengele ilikuwa kwenye koti, koti lilikuwa begani. Ingechukua muda mfupi tu, skrubu zile na kipande cha kamba. Aliwaza yule mwanamke anayechekwa kwa kutwanga vibaya. Aliwaza sauti ya Chidawali, akajaribu kuipa uso, akashindwa kama siku zote, akaona kwamba ndivyo mama yake anavyowaona watu wote wa Mbalawala, na kwamba huenda na wao, kama wangeambiwa, wasingeweza kuuona uso wa mama yake.

Ila yeye aliwasikia wote wawili. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake, na hapakuwa na mtu mwingine bonde zima mwenye shida hiyo.

"Ulikuwa wa uongo," akasema. "Misimu yote miwili. Leo ni wa kweli."

"Nimesikia," ikasema Mizani. Haikuuliza kwa nini. Ikampa Ndahani mahali pa kumwaga chumvi, na mahali hapo palikuwa mbali, magharibi kuliko alivyowahi kutumwa.

Ndahani akavaa kofia yake. Kabla hajafunga mlango alimuuliza kama atakuwa kituoni akirudi. Sechelela akasema hapana, anakwenda kwao.

*

Alimkuta mama yake anapanga vyungu. Ndivyo alivyofanya kila aliposikia ndege: vyungu, sufuria, beseni, hata kile kikombe cha bati kisicho na mkono, akavipanga kwa mstari chini ya ukingo wa bati la nyumba. Majirani nao walikuwa wametoa vyao. Mtu mmoja alikuwa ametoa mlango wa zamani akauinamisha uwe mfereji.

Sechelela alisimama pale uani, hakuwa na nguvu ya kumzuia. Mama alimwona, akaona na koti, na uzito ule ulioinamisha mfuko. Akakiweka kikombe mahali pake mwisho wa mstari, akajinyoosha mgongo.

Mawingu yakaja. Kivuli chao kilipita juu ya uwele, juu ya nyumba, kikapoza nyuso za watu waliokuwa wametoka kutazama juu. Harufu ya mvua ilikuwepo. Mtamba ilisikika huko juu ubavuni mwa kundi, sauti nyembamba ya nyuki mmoja, ikaenda kaskazini, ikarudi kusini, na haikushusha kitu. Kivuli kikasogea. Jua likawaka tena kwenye vyungu, vikameta vyote kwa pamoja, vikiwa vikavu.

Majirani walisubiri kidogo zaidi, kwa kuwa watu husubiri. Halafu mmoja akasema labda kesho, wakaingia ndani.

Mama alianza kuviinamisha vyungu kimoja kimoja visiingie vumbi. Sechelela akamsaidia kutoka upande wa pili, wakakutana katikati, kwenye beseni. Akaitoa kengele akampa. Mama akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mgeni, wakakaa wote wawili kwenye kizingiti chini ya bati.

Walikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni mwao. Hapo redio ikakoroma ndani ya koti.

Mwanzoni yalikuwa makelele tu, mpaka Sechelela alidhani imeharibika. Kisha akasikia ni nini. Ilikuwa mvua juu ya bati, nzito, isiyo na nafasi katikati, na ndani yake watu wengi wakisemezana kwa sauti kubwa ili wasikiane, na vyombo vikigongana. Chidawali alikuwa anasema jambo. Alirudia mara mbili ndipo likasikika. Alisema wazee wanauliza ule mto wa mahari auletewe wapi, maana umepatikana.

Sechelela aliibana redio mapajani kwa mikono yote miwili. Alitaka kumjibu, na jibu alikuwa nalo. Lakini alihisi mama yake anamtazama, akaogopa kugeuka. Akatafuta kwa kidole gumba kile kitufe cha kuzimia.

Mkono mkubwa, mkavu, ukaja ukafunika wake.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja limeelekea redio, kama alivyokuwa akifanya zamani kumsikia ng'ombe wake akiwa bado yuko mbali. Aliisikiliza mvua ile ya watu muda mrefu. Katikati ya makelele mtu mmoja kule alicheka, kicheko cha mwanamke mzee, karibu kabisa na redio.

"Ongeza sauti," mama akasema.